Mpapai usiozaa: jinsia ya ua hutoka wapi?

Umepanda mipapai, umeweka samadi, umemwagilia, na baada ya miezi mitano au sita baadhi inaning'iniza maua kama shanga bila kushika tunda. Hiyo ni mipapai dume. Wasikilizaji wetu huuliza kama mkulima anaweza kuitambua ikiwa bado miche, au kuigeuza izae. Kwa macho huwezi kuitambua kabla ya maua. Kuigeuza ndiko kunakohitaji maelezo zaidi.

Mipapai iko ya aina tatu. Dume hutoa maua membamba mengi kwenye vikonyo virefu. Jike hutoa maua manene karibu na shina, na papai lake huwa la mviringo. Aina ya tatu ina jinsi mbili ndani ya ua moja: hujichavusha wenyewe, na papai lake ni refu. Hilo ndilo wanunuzi wengi hulipenda sokoni.

Jinsia hiyo imo ndani ya mbegu tangu mwanzo, ikibebwa na kromosomu, kama kwa binadamu. Mbegu yenye X mbili huwa jike. Yenye X na Y huwa dume. Ila mpapai una Y ya namna mbili: moja huleta dume, nyingine huleta jinsi mbili. Mbegu ikirithi Y mbili, za namna yoyote, hufa ingali changa kabisa. Kwa hiyo mbegu za mpapai wa jinsi mbili uliojichavusha hutoa miche miwili ya jinsi mbili kwa kila jike mmoja, na dume hakuna. Mbegu za jike aliyechavushwa na dume hutoa nusu jike, nusu dume.

Hapa ndipo penye pesa ya mkulima. Ukipanda mche mmoja kila shimo kwa mbegu za jike na dume, karibu nusu ya shamba itakuwa dume, na umeshailisha miezi yote hiyo. Panda miche mitatu kwa shimo, subiri maua, kisha bakiza mmoja. Hata hivyo, katika mashimo 100, kama 12 hivi yatakuwa na dume watupu. Usiwang'oe wote: dume mmoja kwa majike kumi hivi anatosha kutoa chavua.

Na ule msumari? Wapo wanaopigilia msumari kwenye shina au kukata kilele ili dume "aogope" azae. Imani hii haikutoka hewani. Kuna dume ambao hali ya hewa ikibadilika hutoa vipapai vichache kwenye vikonyo virefu, msumari uwepo au usiwepo. Mpapai wa jinsi mbili nao huyumba: kwenye joto kali na ukame sehemu ya kike ya ua hudumaa, na kwenye baridi na unyevu mwingi papai hutoka limepindapinda. Jike hayumbi. Msumari huacha kidonda tu, na kidonda ni mlango wa kuoza.

Maboga na matango ni habari nyingine. Mmea mmoja hubeba maua dume na jike, na kila tumba huanza likiwa na sehemu zote mbili, kisha moja husimama kukua. Kinachoamua ni homoni, hasa ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi ulizofunika. Ethilini ikiwa nyingi kwenye tumba, ua huelekea ujike. Joto kali na siku ndefu huongeza madume. Maua ya kwanza ya boga kwa kawaida ni dume, kwa hiyo yakianguka usishtuke wala usikimbilie dawa. Ua jike utalijua kwa kiboga kidogo chini yake.

Kiboga hicho kikiwa cha manjano na kudondoka, mara nyingi ua halikupata chavua. Asubuhi mapema chuma ua dume lililofunguka, ondoa petali zake, upakaze chavua katikati ya ua jike. Ikifika mchana, ua limeshajifunga.