Sauti Zetu Zilivyohifadhiwa: Kutoka Studio ya Nairobi Hadi Sebuleni

Tunapohesabu baraka za yubile hii, tukumbuke pia jinsi nyimbo zetu zilivyopata kuhifadhiwa. Wengi walioimba nasi wamekwisha tangulia mbele za haki, na sauti zao zimebaki pale tu palipokuwa na mtu aliyerekodi.

Zamani kurekodi kulikuwa safari. Miaka ya 1960 studio zilikuwa Nairobi, kama vile Equator Sound Studios. Kwa kwaya ya Thika, yenye waimbaji wa zamu ya mchana na ya usiku viwandani, kupata nauli, ada ya studio na siku moja ambayo kila mtu yuko huru kulikuwa kazi kubwa. Kwaya zilizofika mbali zilitutia moyo: mwaka 1990 Muungano National Choir, chini ya Boniface Mganga, ilitoa Missa Luba kupitia Philips.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoleta kaseti mwaka 1963. Kaseti ilipoenea, redio iliwekwa mezani mbele ya kwaya na kitufe kikabonyezwa. Lakini redio yenye maikrofoni moja ilirekodi mono: sauti zote nne zilitoka mahali pamoja, na aliyesimama karibu na meza aliwafunika wenzake.

Sterio yenyewe ni ya zamani kuliko kaseti. Mhandisi Alan Blumlein wa EMI, Uingereza, aliomba hataza yake mwaka 1931. Wazo lake lilifuata masikio yetu mawili: njia moja ya kushoto, nyingine ya kulia, ili msikilizaji atambue soprano wamesimama wapi na besi wapi.

Leo kazi hiyo hufanyika sebuleni Makongeni. Programu ya Audacity, iliyotoka mwaka 2000, haina malipo. Miksa nyingi zina matundu mawili ya kurekodia: jeupe la kushoto, jekundu la kulia. Waya zote mbili huingia kwenye tundu la laini la kompyuta au la kifaa cha sauti cha USB. Tundu la maikrofoni la kompyuta mara nyingi ni la mono, na sauti ya miksa huwa kubwa mno kwake, hata ikakwaruza. Tena, vitufe vya kushoto na kulia vikiachwa vyote katikati, pande mbili zitafanana, na sterio itakuwa ya jina tu.

Kuna jambo moja la kuangalia. Miksa husikia kile tu kilichopitia maikrofoni. Rekodi ya ibada inayotoka kwenye miksa peke yake itakuwa na waimbaji na kinanda, lakini makofi, vigelegele na “Amina” ya washirika vitasikika kwa mbali sana. Maikrofoni mbili zikielekezwa kwa washirika, moja kila upande, kanisa zima huingia ndani ya wimbo.

Basi, mwenye kaseti ya zamani nyumbani asiingoje ukanda ulegee. Ailete inakiliwe, tuandike mwaka na majina ya waimbaji, kisha nakala mbili zitunzwe katika nyumba mbili tofauti. Watakaosherehekea yubile ijayo wawasikie waliowatangulia, kila mmoja mahali pake.