Ndoa za ndugu wa karibu: sheria inazuia wapi, na je, iongezwe makali?

Bugwema ni kama sehemu nyingi za mkoa wa Mara: Wajita, Wakwaya, Wakurya na Wajaluo wanaishi jirani na kuoleana. Vijana wanakutana mnadani, shuleni au mwaloni, na wazee wanaozijua koo zote wanapungua. Ndiyo maana wapo wanaouliza kama sheria izuie zaidi ndoa za ndugu. Kwanza tuone inasemaje sasa.

Sheria inakataza nani?

Kifungu cha 14 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza kuoa au kuolewa na:

- mzazi, babu, bibi, mtoto au mjukuu wako;
- kaka au dada yako;
- shangazi, mjomba, mama mkubwa au mdogo, baba mkubwa au mdogo;
- mtoto wa kaka au dada yako;
- mzazi au mtoto wa mwenzi wako, hata kama mmeachana;
- aliyekuwa mke au mume wa mzazi wako au wa mtoto wako. Kwa hiyo kijana hawezi kumrithi mama yake wa kambo;
- mtoto uliyemuasili, au mzazi aliyekuasili.

Mliochangia baba tu au mama tu mnahesabiwa ndugu sawa na waliochangia wote wawili. Aliyezaliwa nje ya ndoa naye ni ndugu.

Ndoa ya namna hiyo ni batili tangu siku ya kwanza, hata kama mahari ilitolewa na harusi ilifungwa. Mwenzi anaweza kukosa haki za mke au mume, ikiwemo mirathi. Mwanamume anayelala na mama, binti, dada au mjukuu wake huku akijua undugu huo, anakabiliwa pia na kifungo kirefu chini ya Kanuni ya Adhabu.

Binamu je?

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Nyumbani mtoto wa baba mdogo tunamwita kaka au dada, lakini sheria haimhesabu hivyo. Binamu hawamo kwenye orodha. Hao wameachiwa mila na dini.

Kwa Wakurya na Wajaluo, mtu haoi ndani ya ukoo wake, hata undugu ukiwa wa mbali. Kanisa Katoliki linazuia ndoa ya binamu wa kwanza, ila askofu anaweza kutoa ruhusa. Uislamu unairuhusu, na kule Zanzibar na pwani si jambo geni.

Jirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi: Sheria yao ya Ndoa ya mwaka 2014 inakataza binamu kuoana, lakini Waislamu wameondolewa katika katazo hilo.

Afya inasemaje?

Ndugu wana uwezekano mkubwa wa kubeba kasoro ileile ya kurithi. Chukua selimundu, ugonjwa uliopo sana Kanda ya Ziwa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Hata hivyo, watoto wengi wa binamu huzaliwa wazima, na wasio ndugu nao wanaweza kuwa wabebaji wote wawili.

Je, sheria ikaze?

Wanaotaka ikaze wanataja afya ya watoto na heshima ya ukoo. Wanaopinga wanasema dola isiingilie ndoa ambayo dini inairuhusu. Mfano wa Kenya unaonyesha kuwa katazo la binamu ni gumu kumbana kila mtu sawa. Tena kuongeza majina kwenye orodha hakusaidii kama wachumba hawajui kuwa ni ndugu. Hatari kubwa zaidi ni baba aliyezaa kwingine akanyamaza.

Kabla ya posa

- Ulizeni ukoo wa pande zote nne: baba na mama wa kila mmoja. Mzazi mwenye mtoto wa nje amtaje mapema.
- Toeni taarifa ya ndoa kwa msajili angalau siku 21 kabla. Muda huo upo ili mwenye pingamizi alilete.
- Pimeni selimundu, hata kama si ndugu.
- Mkiwa na shaka, ulizeni kwa msajili wa ndoa, ofisi ya mkuu wa wilaya, kabla mahari haijatoka.