Lango la mtandao wa nyumbani: ujanja uliotoka wapi?

Juzi nilifungua kabati nikakuta tarakilishi yangu kuukuu ya Pentium, vumbi hadi kwenye feni. Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa seva na lango la nyumba yetu: kadi mbili za mtandao, Linux, na modemu moja iliyogawiwa watu wote wa nyumbani. Basi leo tuzungumzie ujanja huo ulikotoka.

Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 90 wahandisi walishaona kwamba hazitatosha. Mei 1994, Kjeld Egevang na Paul Francis walitoa waraka RFC 1631: anwani za ndani zirudiwe kila mahali, na kifaa cha mlangoni kizibadilishe pakiti zinapotoka. Lilikuwa suluhisho la muda tu. Februari 1996, RFC 1918 ikatenga anwani za ndani, zikiwemo zile za 192.168 tunazozijua sote.

Juni mwaka huo huo likatoka toleo la 2.0 la kiini cha Linux, likiwa na uwezo wa kuficha mashine nyingi nyuma ya anwani moja. Seva hupokea pakiti kutoka chumbani, hufuta anwani ya mtumaji, huandika yake, kisha huweka kumbukumbu kwa namba ya poti. Jibu likirudi, hutazama kumbukumbu na kulipeleka kwa mwenyewe. Kazi ya vifaa vya bei ghali sasa ikafanywa na mashine iliyotupwa na ofisi.

Amri zilikuwa za ipfwadm. Rusty Russell wa Australia akashiriki kuleta ipchains katika toleo la 2.2 (Januari 1999), kisha iptables katika 2.4 (Januari 2001). Wengi wetu tuliikariri hii:

iptables -t nat -A POSTROUTING -o ppp0 -j MASQUERADE

Neno hilo la mwisho maana yake ni kuvaa barakoa. Nyumba nzima, barakoa moja! Mwaka 2014 ikaja nftables, lakini wazo ni lile lile.

Hapa kwetu, kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti na bei yake iliumiza. Kugawana laini moja hakukuwa mchezo wa mafundi. Ndiko kulikotuwezesha kusoma.

Mwaka 2003 watu waligundua kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa na Linux ndani. Leseni ya GPL ilidai msimbo utolewe, nao ukatolewa. Mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanzia hapo. Sanduku la kona likawa dogo kama kitabu, na mwenye nyumba bado alishika ufunguo.

Lakini hadithi iligeuka. Februari 2011 akiba kuu ya anwani za IPv4 duniani iliisha. Aprili 2012, RFC 6598 ikatenga anwani za 100.64 hadi 100.127 ili watoa huduma nao wavalishe barakoa wateja wao. Fungua ukurasa wa ruta yako utazame anwani ya nje. Ikiwa imo katika kundi hilo, nyumba yako imefichwa nyuma ya lango la mwingine. Utatoka, ila hakuna atakayebisha hodi kwenye seva yako kutoka nje bila ruhusa ya mwenye lango hilo.

Ujanja uliotupa lango ndio uliotunyang'anya. Dawa ni IPv6, ambapo kila mashine hupata anwani yake halisi. Muulize mtoa huduma wako kama anayo. Mimi nimeuliza, bado nasubiri jibu. Ile Pentium nimeipangusa vumbi, sijaitupa.