Majina, Lugha na Mauaji ya Kimbari: Somo la Historia Amalemba

Utangulizi

Mwalimu wa historia afundishaye katika mtaa wa Amalemba, mjini Kakamega, hukabiliwa na jambo zito anapofikia habari za Rwanda ya mwaka 1994. Wanafunzi wake huwa tayari kuhuzunika. Huwa tayari pia kuamini kwamba yaliyotendeka huko ni ugonjwa wa watu wengine, na somo likiishia kwenye hesabu ya waliokufa, imani hiyo hutoka darasani ikiwa imara kuliko ilivyoingia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba somo hilo hapana budi lianzie nyumbani, katika historia ya jina ambalo wengi wa wanafunzi hao hujiita. Ndipo livuke hadi Rwanda, kisha lirudi Kakamega. Na kwa kuwa majina ni maneno, kazi hiyo ni ya mwalimu wa lugha sawa na ilivyo ya mwalimu wa historia.

Jina lililozaliwa na hofu ya ardhi

Mji wa Kakamega umezungukwa na nchi ya Abisukha, Abidakho na Abatsotso. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu hawa, pamoja na Abawanga, Abalogooli, Ababukusu na wenzao, hawakuwa na jina moja lililowakusanya wote. Serikali ya kikoloni iliwaita Wabantu wa Kavirondo, jina ambalo wenyewe hawakulichagua. Kila mwanamume aliyetoka kwenda kutafuta kazi alichukua kipande, na ndani ya kipande hicho karani aliandika kabila lake. Hivyo kabila lilikuwa neno la ofisini kabla halijawa neno la nyumbani.

Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika. Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi yao ya hifadhi haitaondolewa bila baraza lao kuulizwa na bila kupewa ardhi nyingine badala yake. Mwishoni mwa mwaka 1932 sheria hiyo ilirekebishwa ili ardhi yenye dhahabu iweze kutwaliwa kwa fidia ya fedha tu. Hofu iliyotokana na jambo hili iliwaamsha vijana waliosoma katika shule za misheni, nao wakaunda chama cha North Kavirondo Central Association. Ni katika harakati hizo, katikati ya miaka ya 1930, ambapo jina Abaluyia lilianza kuenezwa. Asili yake huelezwa kuwa ni oluyia, yaani mahali pa moto walipokutania wazee wa ukoo.

Katika miaka ya 1940 kamati ya lugha iliundwa ili kusanifisha maandishi ya lahaja hizo. Kazi yake ilipingwa, hasa na Abalogooli na Ababukusu. Biblia kamili ya Lulogooli ilitoka mwaka 1951. Basi jina lilishika, lakini lugha moja haikupatikana. Mwanafunzi wa Amalemba akilielewa jambo hili, ameelewa mambo mawili makubwa: kwamba kabila lake lina tarehe, na kwamba watu wanaweza kujiunga chini ya jina moja bila ya kusema lugha moja. Tena jina hilo lilizaliwa kwa nia ya kulinda mashamba, wala si kwa nia ya kumdhuru jirani. Jina peke yake si kosa.

Rwanda: lugha moja, majina matatu

Ukivuka hadi Rwanda mambo yamepinduka. Wahutu, Watutsi na Watwa husema lugha moja, Kinyarwanda, nao waliishi pamoja juu ya vilima vile vile. Neno ubwoko, ambalo kwa asili ni aina au ukoo, lilitumika kutajia koo kama vile Abasinga, Abazigaba na Abagesera, na ndani ya kila ukoo wa namna hiyo walikuwamo Wahutu, Watutsi na Watwa. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ulitoa vitambulisho vilivyomfunga kila mtu katika kundi moja kati ya hayo matatu, na mtoto akamfuata babaye. Katika vitambulisho vya baadaye, neno lililochapwa mbele ya nafasi hiyo lilikuwa ubwoko. Neno la ukoo liligeuzwa kuwa neno la kutenganisha.

Tangu tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku mia hivi, kitambulisho hicho kilikuwa hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani. Umoja wa Mataifa umekadiria waliouawa kuwa 800,000, na Serikali ya Rwanda husema ni zaidi ya milioni moja. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha, ilipomhukumu Jean-Paul Akayesu tarehe 2 Septemba 1998, ilikumbana na tatizo la kiisimu: ilikuwa imelieleza kabila kuwa ni kundi lenye lugha au utamaduni mmoja, na kwa kipimo hicho Watutsi hawakutofautiana na Wahutu. Ilibidi mahakama itazame vitambulisho, na jinsi Wanyarwanda wenyewe walivyogawanywa, ndipo iwahesabu Watutsi kuwa kundi.

Maneno nayo yalitangulia mapanga. Redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, na kuua kuliitwa gukora, yaani kufanya kazi. Mwanafunzi wa Kakamega hahitaji mkalimani hapo: gukora ni ndugu wa khukhola na kukola, kitenzi anachokisikia nyumbani kila siku. Akitambua kwamba kitenzi hicho cha kawaida kiliweza kupewa maana hiyo, Rwanda haiwi mbali naye tena.

Halaiki na kimbari

Mwalimu afundishaye kwa Kiswahili huchagua baina ya istilahi mbili. Mauaji ya halaiki hutaja wingi wa waliokufa. Mauaji ya kimbari hutaja kwa nini waliuawa. Istilahi ya pili imejengwa juu ya mbari, yaani ukoo, kama vile Raphael Lemkin alivyounda neno lake mwaka 1944 kwa kuunga neno la Kiyunani la ukoo au jamii na la Kilatini la kuua. Mkataba wa tarehe 9 Desemba 1948 umelishika jambo hilo: kiini cha kosa ni nia ya kuliangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake. Mwalimu asiyetenganisha istilahi hizi atawafanya wanafunzi waite kila umwagaji damu kwa jina moja, au waone kwamba pasipo maelfu ya maiti hapana la kuogopa.

Kurudi Kakamega

Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kati yao 98 walikufa katika Mkoa wa Magharibi, ambao makao yake yalikuwa Kakamega. Haya hayakuhukumiwa kuwa mauaji ya kimbari, wala mwalimu asiyaite hivyo. Lakini katika mkoa huo majirani, hasa Wakikuyu, walichomewa na kuporwa mali, wakakimbia. Miaka kumi na mitano hivi kabla ya hapo, katika ghasia zilizoanza mwaka 1991, Waluhya wenyewe walifukuzwa mashambani mwao Trans Nzoia, Bungoma na Uasin Gishu. Neno lililotumika katika Bonde la Ufa kuwataja watu wa kabila la kigeni lilikuwa madoadoa, neno ambalo mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Waliokuwa doa kwa wengine mwaka 1992 walikuwa na jirani wa kumwita doa mwaka 2008. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Na katika habari hii kila mmoja amepata kuwa mwenzake.

Hitimisho

Mpango wa somo, basi, ni huu. Kwanza mwanafunzi awaulize wazee wake walijiitaje kabla ya jina Abaluyia kuenea. Pili aeleze jinsi ubwoko ulivyotoka katika ukoo ukaingia katika kitambulisho. Tatu ayapambanue maneno halaiki na kimbari kwa mifano. Mwisho achukue neno madoadoa na kueleza nani aliambiwa, wapi na mwaka gani. Mwalimu asiwatake wanafunzi waseme makabila yao mbele ya darasa, kwani katika mtaa wa mjini kama Amalemba yawezekana mtoto wa aliyekimbia ameketi dawati moja na mtoto wa aliyetazama tu. Wote wawili wanastahili kuipata historia hii kwa ukamilifu, tena katika lugha ambayo haimfanyi yeyote kati yao kuwa mgeni.