Shanga zilizowaumiza vichwa matajiri wa misafara

Januari 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijiandaa kwenda bara kumtafuta mmisionari na mvumbuzi David Livingstone. Miongoni mwa mambo yaliyomtesa ni ununuzi wa shanga. Wazoefu wa njia walimweleza kwamba Unyamwezi atafute nyekundu, kwani nyingine zitakataliwa. Nyeusi zinapita Ugogo, kwingine hazina maana. Zile kubwa mfano wa yai zinathaminiwa Ujiji, na nyeupe atazitoa Ufipa na sehemu za Usagara. Akikosea hesabu, mzigo wa kulipia chakula na ushuru wa njiani ungegeuka takataka mabegani mwa wapagazi. Hatimaye alibeba aina 11, magunia 22.

Vitabu vingi vya shule vimezitaja shanga kama kielelezo cha kulaghaiwa: mgeni anatoa vipande vya kioo, anaondoka na pembe za ndovu. Pembe zilikwenda kweli, na faida kubwa ilibaki kwa wengine. Lakini magunia yale 22 yanasema jambo ambalo vitabu hivyo hulipita haraka. Rangi ilichaguliwa na mvaaji, na tajiri wa msafara alilazimika kumfuata.

Mvumbuzi Mwingereza Richard Burton, aliyeondoka Unguja kwenda bara mwaka 1857 pamoja na mwenzake John Speke, aliandika kwamba kulikuwa na aina zipatazo 400 za shanga katika biashara hiyo. Iliyopendwa kupita zote ilikuwa samesame, nyekundu kwa nje na nyeupe ndani. Alieleza kwamba mtu alikuwa radhi kuacha chakula chake ili aipate. Nyingi zilitoka Venice, ambako mafundi walivuta kioo cha moto kikawa mrija mrefu mwembamba, wakaukatakata, kisha wakavipasha moto tena vipande hivyo ili ncha zake zipoteze makali. Kwa njia hiyo ushanga mmoja uligharimu kidogo sana. Baadaye Bohemia, katika nchi tunayoiita leo Jamhuri ya Cheki, ikawa mshindani mkubwa.

Hata rangi ikipatikana, kazi haikuisha. Mvumbuzi Joseph Thomson alipopitia Taveta mwaka 1883 akielekea Umaasaini, msafara wake ulilazimika kusimama ili watu wake watunge shanga upya, maelfu kwa maelfu ya nyuzi, kila moja kwa urefu ambao Wamaasai waliukubali. Napenda kuwawazia wapagazi wale, wanaume wa kubeba mizigo mizito, wamekaa chini na uzi mkononi wakifuata vipimo vya wanawake ambao hawajawahi kuwaona.

Mapambo yenyewe hayakuja na meli. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, wanaakiolojia wamechimbua ushanga wa kombe la baharini wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000. Huko Tumbe, Pemba, vimeokotwa vigae vingi vya vyungu vyenye mifereji, vilivyotumika kusugulia makombe hadi yakawa shanga za duara, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kioo kilipoingia kilikuta watu wenye jicho lililokwisha kuzoea kuchagua.

Mwambao ulikuwa na ujanja wake. Wenye uwezo walivaa majasi ya fedha au dhahabu masikioni. Asiyekuwa nayo alichukua karatasi ya rangi, akaikata ukanda mwembamba, akauviringa kwa kuukaza mpaka ukawa kisahani kinachoenea tundu la ndewe. Tazama picha za kale za Unguja na Lamu: sikio moja lina visahani kadhaa vimepangwa ukingoni, na mvaaji ameinua shingo kama mwenye mali. Kikuba cha asumini na rihani kilikamilisha pambo kwa gharama ya kuingia bustanini tu. Shanga za kiunoni, utunda na kondavi, zilikuwa na habari zake, na si za gazeti la asubuhi.

Karatasi imerudi kwa sura nyingine. Katika mtaa wa Acholi Quarter, Kampala, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda, ambao wengi waliponda mawe kwa ujira mdogo, wametengeneza shanga za karatasi za kalenda na magazeti. Hukata pembetatu ndefu, huiviringa kwenye sindano kuanzia upande mpana, hutia gundi, hupaka vanishi, kisha huanika. Karatasi ikiwa na picha nyingi, hakuna shanga mbili zitakazofanana. Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, sijui pambo lenye mtaji mdogo kuliko hili: kalenda ya mwaka jana, mkasi na gundi.

Nchini Kenya, Lady Susan Wood alianzisha karakana ya Kazuri mwaka 1975 huko Karen, Nairobi, akiwa na wanawake wawili, na shanga zao ni za udongo wa kuchomwa. Mwaka 2017 serikali nayo ikazindua Mpango wa Ushanga kwa wanawake wa kaunti saba za wafugaji, zikiwamo Kajiado, Samburu na Turkana. Shanga za kioo zenyewe bado huagizwa ng'ambo, na nyingi za zile zinazosifiwa kwa ubora zinatoka Cheki. Mafundi wa Kimaasai huzipendelea kwa sababu matundu yake yanalingana na rangi haipauki juani. Za bei rahisi huishia kwenye bangili za watalii, mara nyingi kwa mchanganyiko wa rangi ambao fundi mwenyewe asingeuvaa arusini.