Hazina ya pamoja na mipaka ya matumizi yake

Vyama vya akiba na mikopo, ambavyo wengi huviita sacco, vimetia mizizi katika Nakuru na kaunti jirani za Bonde la Ufa. Cosmopolitan, ambacho kilianza kama chama cha walimu wa Nakuru, Boresha cha Eldama Ravine na Imarisha cha Kericho ni miongoni mwavyo. Kila chama kina hazina iliyochangwa na watu wengi, na kila mwaka wanachama hukutana kuidhinisha makadirio ya matumizi. Swali lao ndilo lile lile linalozikabili sasa jumuiya za sarafu za kidijitali, ambazo hazina ofisi wala meneja: fedha zikiwa za wote, nani azitumie na kwa kiasi gani?

Jumuiya hizo huendeshwa kwa blokicheni, yaani daftari la hesabu ambalo nakala zake huhifadhiwa katika kompyuta nyingi kwa pamoja, hivi kwamba hakuna mtu mmoja awezaye kulibadilisha kwa siri. Anayetaka fedha huwasilisha ombi, wenye sarafu hupiga kura, na kura ikipita programu yenyewe hulipa.

Polkadot ni mfano mzuri. Tangu mwaka 2023 jumuiya hiyo imekuwa ikigawa maombi katika njia mbalimbali, kila moja na kikomo chake. Mtumiaji mdogo angeweza kuomba hadi sarafu 10,000 za DOT, wa kati 100,000 na mkubwa 1,000,000. Kadiri kiasi kilivyopanda ndivyo masharti ya kura yalivyozidi kuwa magumu. Kwa mtazamo wa kwanza mpango huo hauna kasoro. Hata hivyo, ripoti ya hazina ya nusu ya kwanza ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba takriban dola milioni 87 zilikuwa zimetumika katika miezi sita, ilhali mali iliyosalia ilikadiriwa kuwa dola milioni 245. Sehemu kubwa, takriban dola milioni 37, ilikwenda kwenye matangazo na shughuli za kujitafutia jina. Kwa kasi hiyo, ripoti ilisema, hazina ingedumu miaka miwili hivi.

Kosa halikuwa wizi, kwani kila ombi lilipigiwa kura. Kikomo kiliwekwa kwa ombi moja moja, si kwa jumla ya maombi. Maombi kumi ya halali, kila moja chini ya kiwango, yanaweza kukausha kisima bila kanuni hata moja kuvunjwa.

Hapa ndipo sheria ya sacco ya Kenya inapotofautiana. Kanuni za mwaka 2010, zilizotungwa chini ya Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya mwaka 2008 na kusimamiwa na mamlaka ya SASRA, hupima matumizi kwa kuyalinganisha na mali yote ya chama. Mikopo kutoka nje isizidi asilimia 25 ya mali. Mali isiyoleta mapato isizidi asilimia 10, na katika hiyo ardhi na majengo yasizidi asilimia 5 bila idhini. Chukua chama chenye mali ya shilingi bilioni 1: ardhi na majengo yake hayafai kupita shilingi milioni 50, wala madeni yake ya nje milioni 250, hata wanachama wote wakiinua mikono.

Kikomo cha majengo ndicho huwaudhi wakuu wengi, maana ni nani asiyependa ghorofa lenye jina la chama katikati ya mji? Lakini mzazi anayehitaji karo mwezi wa Januari hawezi kulipwa kwa matofali. Ndiyo sababu chama kinachopokea amana kinatakiwa pia kuwa na fedha zinazopatikana upesi, zisizopungua asilimia 15 ya akiba na madeni ya muda mfupi.

Kura nazo ni tofauti. Katika ushirika mwanachama ana kura moja, awe na hisa kumi au elfu kumi. Katika jumuiya nyingi za blokicheni, kura hufuata wingi wa sarafu. Matokeo yake yalionekana Aprili 17, 2022, katika mradi wa Beanstalk. Mtu asiyejulikana alikopa sarafu za thamani kubwa kwa sekunde chache tu, akajipatia kura za kutosha, akapitisha ombi lake mwenyewe na kuhamisha hazina. Mradi ulipata hasara ya takriban dola milioni 182. Programu ilitii kura kama ilivyoandikwa. Baadhi ya jumuiya huzuia hila hiyo kwa kuchelewesha malipo kwa siku kadhaa baada ya kura, au kwa kudai sahihi za watu kadhaa kabla ya fedha kutoka.

Wapenzi wa ushirika wasijisifu mno, hata hivyo. Mapema mwaka 2025 ukaguzi wa kampuni ya PwC kuhusu KUSCCO, muungano wa sacco nchini, ulibainisha kwamba takriban shilingi bilioni 13.3 zilikuwa zimepotea. Vyama vingi viliweka humo akiba za wanachama, ilhali muungano huo wenyewe haukuwa chini ya SASRA. Mipaka iliyowabana walioweka haikumbana aliyepokea.

Kwa mwanachama anayejiandaa kwa mkutano mkuu, tarakimu za kutafuta katika hesabu zilizokaguliwa ni nne: jumla ya mali, madeni ya nje, thamani ya ardhi na majengo, na fedha zilizowekwa katika taasisi nyingine, pamoja na jina la kila taasisi hiyo na mamlaka inayoisimamia.