Uzigua na moshi: tulihesabu miti, vifua vikasahaulika

Agizo la Serikali la kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, ambalo muda wake wa kwanza ulifika Januari 31, 2024, limeurudisha mkaa midomoni mwa watu. Miezi michache baadaye, Mei 2024, ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Katika hotuba za kipindi hicho imerudiwa takwimu moja nzito: Watanzania wapatao 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yanayotokana na moshi wa jikoni. Kwa Kwedizinga na vijiji vingine vya Handeni na Korogwe, habari yenyewe si ngeni, kwa kuwa hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba moshi unakohoza. Jambo jipya ni kwamba kifua cha mpikaji kimetajwa kwenye waraka wa Serikali. Kwa zaidi ya miaka mia moja kila mwenye mamlaka aliyefika Uzigua, yaani nchi hii ya Wazigua, alihesabu miti, akahesabu magunia na ushuru, na gharama ya moshi akamwachia anayeuvuta. Nitajaribu kuonyesha hapa kwamba usahaulifu huo ulifuata nguvu. Moshi ulipowaumiza wenye sauti ulitungiwa sheria, na ulipowaumiza wasio na sauti uliitwa maisha ya kijijini.

Mwanahistoria James Giblin, ambaye kitabu chake cha 1992 kuhusu Tanzania ya kaskazini-mashariki kati ya 1840 na 1940 kinaihusu zaidi Uzigua kuliko mahali pengine popote, anatupa pa kuanzia. Hoja yake ni kwamba mazingira ya Handeni yalitunzwa na watu, na yalitunzwa kwa sababu palikuwa na mahusiano ya kufadhiliana kati ya wakubwa wa vijiji na wafuasi wao. Mashamba yalilimwa, vichaka vilifyekwa na kuchomwa kwa wakati wake, na inzi wa ndorobo hawakupata mahali pa kukaa karibu na ng'ombe. Ukoloni ulipovunja mahusiano hayo, njaa zikafuatana, watu wakatawanyika, vichaka vikarudi, ndorobo wakaja navyo na mifugo ikaisha. Ukiifuata hoja hiyo, sehemu kubwa ya pori ambalo leo tunaliona kama la tangu na tangu lilirudi pale mtu aliponyang'anywa uwezo wa kuamua juu ya ardhi yake. Kwa maoni yangu, historia ya mkaa inaanzia hapo: pori likiwa jingi na mfuko mtupu, tanuri halikawii kuwashwa.

Hatua za historia hiyo zinazofahamika hazihitaji maneno mengi. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902. Wajerumani walitunga sheria ya kulinda misitu mwaka 1904, Waingereza wakatunga yao mwaka 1921, na zote mbili zililinda miti dhidi ya mwanakijiji. Mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta mwaka huohuo wa 1893, uliifanya Korogwe kuwa nchi ya mashamba makubwa, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha SILABU, chombo cha kuwasomba manamba kutoka mikoa ya mbali. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa, na uzalishaji uliozidi tani 200,000 katikati ya miaka ya 1960 ukaporomoka hadi chini ya tani 40,000 mwishoni mwa miaka ya 1980.

Ndani ya mkonge kuna sura moja ambayo haisimuliwi sana. Jani likishapita kwenye mashine ya korona na singa kuanikwa juani, katani hupelekwa kwenye mashine za burashi ili ziilainishe na kuing'arisha. Chumba cha burashi hujaa vumbi jepesi linaloelea na kutua kwenye kope na mabega ya wafanyakazi. Mwaka 1978 watafiti wanne, Mustafa na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa viwanda sita vya mkonge nchini. Kwa wale wa burashi, karibu nusu walikuwa na dalili za ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la nyuzi, ilhali kwa wanaosokota kamba wenye dalili hizo walikuwa wachache. Zao lilikuwa na miaka 85 nchini. Kwa miaka hiyo yote tani zilipimwa na bei ya London ikafuatiliwa. Pumzi ya mwendesha burashi ilikuwa kazi ya watafiti wa chuo, na hata hapo haikuingia kwenye bei ya katani.

Mkonge ulipoanguka, mkaa ulipanda. Sidai kwamba kila aliyekosa kibarua shambani alishika shoka, ila mwelekeo unaonekana. Benki ya Dunia, katika waraka wake wa 2009 kuhusu mkaa wa Tanzania, ilieleza kwamba kati ya 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zinazopikia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71, na kwamba jiji hilo peke yake lilitumia karibu nusu ya tani milioni moja zilizochomwa nchini kwa mwaka. Handeni iko kwenye njia ya soko hilo. Gunia linalosimamishwa kando ya barabara Mkata au Kabuku linaishia kwenye sufuria ya Manzese. Waraka uleule ulikadiria kwamba biashara ya mkaa inaingiza dola milioni 650 kwa mwaka, huku kahawa ikikadiriwa kuingiza dola milioni 60 na chai milioni 45, na kwamba Serikali ilikuwa ikipoteza takriban dola milioni 100 za mapato kila mwaka.

Tanuri lenyewe linastahili kuangaliwa kwa karibu. Magogo hupangwa chini, hufunikwa majani mabichi, juu yake udongo, kisha moto huwashwa upande mmoja na kuachwa ule polepole bila hewa ya kutosha. Siku za kwanza hutoka moshi mweupe mzito, maji ya mti yakikauka. Baadaye moshi hupungua na kuwa wa bluu, na hapo mchomaji hujua kuni zinakaribia kwisha kuwa mkaa. Kwa siku zote hizo halali vizuri, kwa sababu udongo ukipasuka na hewa ikaingia, kazi yote inageuka jivu. Anapanda juu ya tanuri usiku, anaziba kwa udongo na majani, uso wake ukiwa juu ya tundu linalotoa moshi. Kwa tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya mkaa inakula kilo tano hadi kumi za kuni. Kinachobaki hupotea hewani, na mchomaji ndiye wa kwanza kuvuta. Anayenunua mkaa mjini anasifu kwamba hautoi moshi, na anasema kweli kwa kiasi fulani, ila moshi ule umekwisha kutolewa Handeni.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa Januari 2006, maana ndio unaotufundisha zaidi. Serikali ya awamu ya nne ilikuwa na wiki chache tu madarakani. Ukame ulikuwa mkali na mabwawa ya umeme yamepungua maji. Ikatafutwa sababu, na mchoma mkaa akaonekana: anakata miti, vyanzo vya maji vinakauka, basi mkaa upigwe marufuku nchi nzima. Marufuku hiyo ilidumu takriban wiki mbili. Mkaa haukukoma, bei ndiyo iliyopanda, na jiji lisilo na umeme wa kutosha wala gesi ya kutosha likaonyesha kwamba haliwezi kulala bila mkaa. Serikali ikalegeza, zikaja kanuni za uchomaji, usafirishaji na uuzaji wa mkaa, na mwaka huohuo ukatoka mkakati wa haraka wa kuokoa ardhi na vyanzo vya maji. Ukizisoma hoja za pande zote mbili unaona jambo la kushangaza. Waliotaka marufuku walitetea mito na mabwawa. Waliotaka iondolewe walitetea mfuko wa mlaji wa mjini na, kwa sauti ndogo zaidi, kipato cha mchomaji. Mapafu hayakuwa na wakili. Katika ugomvi mkubwa kuliko wote nchini juu ya mkaa, moshi wenyewe haukuwa hoja.

Linganisha na London. Desemba 1952 ukungu wa moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji huo kwa siku tano, na makadirio ya kwanza yalikuwa watu 4,000 waliokufa. Makadirio ya baadaye yakafikia 12,000. Mwaka 1956 Bunge lilipitisha sheria ya hewa safi. Moshi wa London uliua kwa wiki moja, mahali pamoja, karibu na mlango wa Bunge. Moshi wa Uzigua unaua nyumba moja moja, leo mtoto wa nimonia, mwakani bibi aliyekuwa na pumu, na hakuna siku ya kuukumbuka.

Kuna wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni ile ya wazee: babu na bibi zetu walipikia kuni na wakafika miaka 90. Ni kweli tunawaona wazee hao, lakini hatuwaoni waliokufa wangali wachanga, na wao ndio hesabu yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano. Karibu nasi zaidi, utafiti wa Kilabuko na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 ulipima hewa ya majiko ya Bagamoyo, ambako watu wanapika kama wanavyopika Handeni. Wapishi na watoto wadogo wanaokaa nao jikoni walikuwa kwenye hatari ya maradhi ya njia ya hewa takriban mara tano ya wale wasioshinda jikoni. Kila aliyewahi kusonga bada kwenye mafiga anaelewa sababu: ugali hausongwi kwa mbali. Mwiko unashikwa kwa mikono miwili, chungu kimeshikizwa kisiyumbe, na uso uko juu ya moto hadi ugali uive. Masika kuni zikiwa mbichi, hali ni mbaya zaidi.

Hoja ya pili ni kwamba moshi una kazi: mahindi ya mbegu juu ya dari hayaliwi na wadudu, mbu wanapungua. Hilo nalikubali. Lakini dawa ya mbegu ipo na chandarua kipo, na mtoto hana sababu ya kuhifadhiwa pamoja na mahindi. Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Gesi ya mitungi inaagizwa kutoka nje, inajazwa kwa fedha taslimu, na kuni za porini hazinunuliwi. Kumwambia mama wa Kwedizinga aache kuni ni kumwongezea gharama. Ndivyo ilivyo, mradi tukubali kwamba kuni haziwi bure kwa sababu hazina risiti. Kuna saa za kwenda porini kila wiki, nauli ya kumpeleka mtoto hospitali ya Magunga mjini Korogwe, siku za kilimo zinazopotea mtu akiwa kitandani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na jarida la Lancet Planetary Health ulikadiria kwamba mwaka 2019 hewa chafu iliua watu milioni 1.1 barani Afrika, karibu 700,000 kati yao kwa moshi wa majumbani, na kwamba kwa Ethiopia hasara ya nguvukazi ilikuwa zaidi ya dola bilioni 3, yaani asilimia 1.16 ya pato la taifa. Hizo ni fedha ambazo tayari zinalipwa. Zinalipwa na kaya, kimyakimya, badala ya kulipwa kwenye bajeti.

Kwa hiyo marufuku peke yake, iwe ya 2006 au ya leo, inamwangukia yuleyule. Shule ikihama kwenye kuni ni jambo jema, mpishi wa shule atapumua. Lakini mchomaji wa Handeni hakutajwa kwenye agizo la taasisi ila kama mtu wa kuzuiwa, na mama wa mafiga hana karani wa kumwombea mtungi. Fedha zipo. Kila gunia halali linalotoka wilayani linalipiwa ushuru, na ushuru huo umekuwa ukihalalishwa kwa jina la miti. Sioni kwa nini sehemu yake isirudi kwenye vijiji vilivyouvuta moshi wa tanuri, kama majiko sanifu, mitungi ya kuanzia na vipimo vya mapafu.

Na hesabu ianzie zahanati. Vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, vinaandika nimonia, vinaandika pumu, umri wa mgonjwa, kijiji chake na dawa aliyopewa. Vinaandika ugonjwa, haviandiki jiko. Swali moja la ziada kwa mama aliyembeba mtoto anayehema, kwamba nyumbani mnapikia nini na mnapikia wapi, likiulizwa Kwedizinga, Sindeni, Segera na Mnyusi kwa mwaka mmoja tu, litaipa Handeni na Korogwe takwimu yao wenyewe, na mganga mkuu wa wilaya ataweza kuipeleka kwenye kikao cha bajeti cha halmashauri, mezani palepale inaposomwa idadi ya magunia.